Baiskeli Msituni, na Doa Tulilodhani ni Choa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu twende mbali kidogo, hadi Ubelgiji. Siku hizi familia nyingi za parokia zetu zina mtoto, ndugu, padre au mtawa anayesoma au kufanya kazi Ulaya. Akirudi likizo na ugonjwa alioupata huko, ni sisi wa nyumbani tunaotakiwa kumtibu. Yaliyotupata sisi wenyewe yalionyesha kwamba hatukuwa tayari.

Mwezi Agosti 2019 sisi wauguzi wawili wa hospitali ya misheni tulikaribishwa kwa majuma matatu na Sista mmoja mzee, aliyefanya kazi nasi miaka mingi katika wodi ya wazazi kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Kwao ni mkoa wa Limburg, kaskazini-mashariki mwa Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 74. Siku ya pili tu akatuambia, “Mama zangu, kesho hatupandi gari. Tunakwenda msituni kwa baiskeli.” Tukacheka, tukidhani anatania. Asubuhi tukakuta baiskeli tatu zimeegemezwa ukutani, mbili ameziazima kwa mpwa wake.

Hazikuwa kama zile tulizopandia shuleni tukiwa wasichana. Usukani umepinda kuelekea chini kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi ni pana, kama vidole viwili vya mtu mzima, tena zina meno madogo. Hizo ni baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya njia za changarawe. Tairi hazijazwi upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe. Zikilegea kidogo hushika ardhi vizuri na kupunguza mtikisiko mikononi na mgongoni.

Nchi yenyewe

Sehemu ile huitwa Kempen. Ni nchi ya mchanga, na upande wa mashariki kuna kokoto nyingi zilizoletwa na mto Maas zamani za kale. Ardhi hiyo haina rutuba. Kwa karne nyingi watu walichunga kondoo na kukata tabaka la juu la udongo, likabaki pori la wazi lililojaa vichaka vifupi ambavyo wenyeji huviita heide. Wale waliopanda Mlima Kilimanjaro wameona ndugu zake: ni jamii moja na vile vichaka vya Erica vinavyoota juu ya msitu, ila vya Kempen havizidi magoti. Mwezi Agosti vinatoa maua ya zambarau, na pori zima linageuka rangi.

Mwaka 1901 makaa ya mawe yaligunduliwa karibu na kijiji cha As. Migodi ilihitaji nguzo nyingi za kuzuia mapango yasiporomoke, kwa hiyo misonobari ikapandwa kwa wingi juu ya pori lile. Mgodi wa mwisho, ule wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Misitu ikabaki, na njia zake zikabaki. Mwaka 1995 mkoa ukaanza kuweka vibao vya namba kwenye njia panda za baiskeli, wazo la Hugo Bollen, aliyekuwa mhandisi wa migodi. Unaandika namba zako kwenye karatasi, mathalani 272, kisha 265, kisha unafuata vibao bila ramani. Nyingi ya njia hizo zimetiwa lami au saruji, lakini kutoka hapo unachepuka na kuingia njia za changarawe ndani ya msitu ambako magari hayapiti kabisa.

Tulipita mahali paitwapo Bosland, katika eneo la Hechtel-Eksel, ambako mwaka huo huo wa 2019 walifungua daraja la baiskeli la mita 700 linalozunguka kati ya misonobari na kupanda taratibu mpaka mita 10 juu ya ardhi. Mmoja wetu alifumba macho. Hatumtaji.

Tambarare si mteremko

Tulidhani nchi isiyo na vilima itakuwa rahisi. Sivyo. Penye mlima mtu hupanda kwa taabu, kisha huteremka akipumzika, na katikati husimama juu ya pedeli. Penye tambarare hakuna mteremko wa kukusaidia. Miguu inazunguka saa mbili bila kukoma, na matako yanabaki mahali pale pale. Upepo wa pori la wazi ndio mlima wa huko.

Baada ya kilomita 20 vidole viwili vya mwisho vya mkono vilikufa ganzi. Sababu ni kwamba mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na ukiegemea usukani kwa muda mrefu unaubana. Vivyo hivyo kiti hubana mishipa ya sehemu za siri, kwa wanaume na wanawake. Watu huona haya kusema. Dawa yake ni nyepesi: kila baada ya dakika 10 hivi simama juu ya pedeli uhesabu mpaka 20, badilisha mahali pa kushika usukani, na hakikisha kwamba pedeli ikiwa chini kabisa goti limekunjwa kidogo tu. Ganzi ikiendelea hata baada ya kupumzika siku kadhaa, onana na mganga.

Kwenye mchanga mzito Sista alitufundisha: usishike breki, usikaze mikono, chagua gia nyepesi, uendelee kukanyaga. Mwenzetu alishika breki. Alianguka polepole kama gunia la mahindi, bila kuumia.

Faida zipo, tena kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na safari moja ya msituni inaweza kutimiza karibu yote. Baiskeli huimarisha moyo na kusaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, na kwa kuwa kiti kinabeba uzito wa mwili, magoti yaliyochoka huivumilia kuliko kukimbia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni. Na kwa sisi tunaopokea majeruhi wa barabarani kila juma, kuendesha saa mbili bila kusikia honi wala kukwepa lori kulikuwa kama likizo ndani ya likizo.

Lakini mahali pasipo na gari pana hatari zake. Msaada uko mbali. Sista hakutoka bila kofia ngumu, maji na simu. Ukianguka, piga 112, namba ya dharura ya nchi zote za Umoja wa Ulaya, na utaje namba ya njia panda iliyo karibu nawe. Kuna pia viwavi wa miti ya mialoni, ambao manyoya yao huwasha ngozi na macho vibaya, hasa Mei hadi Julai. Ukiona kiota chao, kama utando mweupe kwenye shina, usikiguse.

Kupe

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mchana tuliketi kwenye nyasi pembeni mwa msitu kula mkate. Suruali tulikuwa tumezikunja mpaka magotini kwa sababu ya joto. Jioni Sista akauliza, “Mmejitazama miguu?” Tulijibu ndiyo. Ukweli ni kwamba tulitazama mbele tu.

Sisi kupe tunawajua. Wafugaji wanajua ndigana kali inayoua ng'ombe, na wazee wanajua homa ya papasi waishio kwenye nyufa za nyumba za udongo. Kupe wa misitu ya Ulaya ni mwingine. Akiwa bado mchanga ni mdogo kama mbegu ya ufuta au kupungua. Haumi kwa uchungu. Hupanda kutoka kwenye nyasi na majani makavu, hutafuta mahali palipojificha kama nyuma ya goti, kinena, kwapa au nyuma ya sikio, kisha hujishikiza na kunyonya siku kadhaa. Baadhi yao wana bakteria wa ugonjwa uitwao Lyme, kwa jina la mji wa Marekani. Mtafiti Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kumgundua bakteria huyo mwaka 1982.

Si kila anayeumwa huugua. Katika nchi jirani ya Uholanzi imekadiriwa kwamba kati ya watu 100 walioumwa na kupe, 2 au 3 hupata Lyme. Kadiri kupe anavyokaa mwilini ndivyo hatari inavyoongezeka. Kwa hiyo chukua kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu na moja kwa moja, kisha safisha mahali hapo. Usimpake mafuta, usimmwagie mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti. Ukimsumbua hivyo aweza kutapika uchafu wake ndani ya jeraha. Andika tarehe kwenye kalenda.

Sisi hatukuandika kitu, maana hatukuona kitu. Siku 19 baada ya safari ile, tukiwa tumesharudi nyumbani, mmoja wetu aliona doa nyuma ya goti. Vitabu vingi vinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu halikuwa jekundu. Lilikuwa kama zambarau iliyofifia, kama alama ya kujigonga, na katikati paling'aa kidogo. Tukasema ni choa. Tukapaka dawa ya Whitfield asubuhi na jioni kwa siku tisa, nalo likaendelea kukua mpaka likawa kama kisahani cha kikombe.

Wauguzi wawili wenye miaka thelathini kazini! Tungetazama vizuri tungeona tofauti. Choa huwasha, na ukingo wake una magamba na umeinuka. Doa hili halikuwasha wala halikuwa na gamba hata moja. Halafu mwenye doa alikuwa na uchovu na maumivu ya viungo, tukasingizia safari ya ndege. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Sista alipopiga simu kutusalimu ndipo tukamtajia kwa bahati tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Leo hii nendeni kwa daktari, mkamwambie mlikaa kwenye nyasi za Kempen.” Daktari alipolitazama doa na kusikia habari ya msitu hakungoja majibu ya damu, kwa kuwa katika majuma ya kwanza kipimo mara nyingi hakionyeshi kitu. Ugonjwa huu usipotibiwa waweza kupoozesha upande wa uso, kuvimbisha goti au kuvuruga mapigo ya moyo miezi baadaye, wakati mtu ameshasahau kabisa habari za baiskeli. Ukitibiwa mapema hupona kwa vidonge vya kawaida vinavyopatikana hapa kwetu: doksisaiklini, au amoksilini kwa wajawazito na watoto wadogo, kwa kipimo cha mganga.

Basi, mama mwenye kijana huko Ubelgiji, Uholanzi au Ujerumani, umwambie avae soksi juu ya suruali akienda msituni, na jioni ajikague mwili mzima, mwenzake amtazame mgongo. Akirudi nyumbani na homa, doa linalokua au uso uliopinda, asiseme tu “naumwa.” Amtajie mganga nchi aliyotoka, mwezi gani, na kama aliingia porini. Nasi tulio upande wa pili wa meza tumeanza kuuliza.

Mwenzetu alimeza doksisaiklini siku 14. Doa lilianza kufifia kabla juma halijaisha, na dawa ya Whitfield iliyobaki tuliirudisha kabatini.