Somo la 18: Roketi ya Maji

Katika shule moja ya misioni mjini Bukavu, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Kivu, mwalimu alileta darasani chupa ya plastiki, kizibo cha mpira, sindano ya kutilia upepo katika mipira, na pampu ya baiskeli.

"Leo tutarusha roketi," akasema. Watoto wakacheka.

"Nani amepata kuruka kutoka mtumbwini hadi ufukoni? Mtumbwi ulifanya nini?"

"Ulirudi nyuma, Mwalimu."

"Vema. Uliusukuma nyuma, nao ukakusukuma mbele. Kila kisukumacho husukumwa pia. Isaac Newton, Mwingereza, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687."

Uwanjani chupa ilisimamishwa mdomo chini kati ya mawe matatu. Watoto walisimama mbali, hatua 20, wala hakuna aliyeruhusiwa kuinama juu ya chupa. Mwalimu akapiga pampu yenye mpira mrefu.

Mara ya kwanza chupa haikuwa na maji. Kizibo kikafyatuka, chupa ikaruka kidogo tu. Mara ya pili ilijaa maji hata juu. Ikayamwaga, ikalala pale pale. Mara ya tatu maji yalikuwa theluthi moja. Pwaa! Chupa ikapanda kupita paa la shule.

"Hewa ikishindiliwa hutaka kutoka," mwalimu akaeleza. "Huyasukuma maji chini, nayo maji huisukuma chupa juu. Pasipo maji, hakuna kitu kizito cha kusukuma. Pasipo nafasi ya hewa, hakuna nguvu."

Mvulana mmoja akatoa mjusi mfukoni. "Mwalimu, tumfunge huyu juu ya chupa, asafiri!"

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwaka 2009 mhandisi wa nchi yetu, Jean-Patrice Keka, alirusha roketi iitwayo Troposphere 5 huko Menkao, karibu na Kinshasa. Ndani alikuwamo panya. Roketi ikapotea njia, ikaanguka, na panya akafa. Je, wewe wajua chupa yetu itaangukia wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi tupime kwanza. Huyo naye ni kiumbe cha Mungu."

Mvulana akamwachilia mjusi majanini. Kisha akachukua daftari. Kila chupa iliporuka aliandika: maji kiasi gani, pampu mara ngapi, hatua ngapi. Chupa ilirushwa mara sita. Mara mbili iliangukia juu ya mawe, ikapasuka, ikabidi kutafuta nyingine.

Mvulana akayatazama mawe yale, akasema polepole, "Afadhali mjusi amekwenda zake."

Maswali
1. Kwa nini chupa iliyojaa maji haikuruka?
2. Mtumbwi na roketi vinafanana kwa jambo gani?
3. Kwa nini watoto walisimama mbali?
4. Mvulana alijifunza nini?