Pamba ya Shamba Si Pamba ya Dawa

Katika nyanda za Kano, ulipo mji wa Ahero, kilimo cha mpunga huwalazimu watu kushinda katika maji na tope. Mundu au kigae kilichofichwa na tope huweza kumkata mtu mguu wakati wowote. Kwa kuwa Nyanza ni nchi ya pamba tangu zamani, aliyejikata huweza kudhani kwamba pamba iliyochumwa shambani ni sawa na ile iuzwayo dukani. Sivyo.

Tofauti hujulikana kwa jaribio jepesi. Vitonge viwili, kimoja cha kila pamba, viwekwe juu ya maji bakulini. Pamba ya shamba huelea, lakini pamba ya dawa hunywa maji na kuzama upesi. Sababu ni kwamba kila uzi wa pamba umefunikwa na nta nyembamba izuiayo maji. Tena pamba ya shamba ina vumbi, vipande vya majani na vijidudu.

Pamba ya dawa hutengenezwa hivi. Kwanza pamba huchambuliwa kwa mashine ili mbegu zitoke. Nyuzi fupi, zisizofaa sana kufumwa nguo, hutosha kwa kazi hii. Huchemshwa pamoja na magadi makali yaitwayo kostiki, ambayo huondoa nta. Kisha hutiwa dawa ya kuzing'arisha, husuuzwa mara nyingi na kukaushwa. Mwishowe huchanwa zikawa tabaka laini, na kukatwa au kuviringwa vitonge. Kostiki huunguza ngozi na macho. Kwa hiyo kazi hiyo si ya jikoni.

Nyumbani vitonge hivyo vina faida nyingi. Mama aweza kusafisha macho ya mtoto kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akifuta kutoka upande wa pua kwenda nje. Kila jicho lipate kitonge chake, na kila kitonge kifute mara moja tu. Vitonge hufaa pia kwa kupaka dawa na kusafisha ngozi iliyo kandokando ya kidonda.

Lakini hata pamba ya dawa isibandikwe juu ya kidonda kibichi, maana nyuzi zake hunasa humo. Mwaka 1880 daktari mpasuaji Joseph Sampson Gamgee, wa Birmingham nchini Uingereza, alibuni kifungio chenye pamba ya namna hii katikati ya shashi mbili, ili pamba inywe maji ya kidonda bila kukigusa.

Basi aliyekatwa shambani aoshe kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, akifunike kwa shashi, kisha aende zahanati bila kukawia. Tope huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda, na ugonjwa huo huzuiwa kwa sindano ya chanjo, wala si kwa pamba. Vitonge vinavyobaki vihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto.