Mlevi Asipigane Peke Yake

Mara nyingi mlevi huapa mbele ya mkewe kwamba lotoko hataionja tena; kisha siku ya soko hurudi akiyumbayumba. Kiapo chake hakikuwa cha uongo. Alipigana peke yake.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walikutana walevi wawili: Bill Wilson, mfanya biashara, na Robert Smith, daktari. Bill alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na tamaa ilikuwa ikimrudia. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, wala si wa kumhubiri. Robert alianguka tena mara moja. Baadaye hakunywa hata kufa kwake, mwaka 1950. Ndivyo mikutano ya walevi wanaoacha pombe ilivyoanza.

Humo kila mtu husema habari zake mwenyewe, na wengine husikiliza. Maneno hayatolewi nje. Hata mke asiyaulize. Ada haitozwi.

Kijiji cha Kasongo au Kabambare kisipokuwa na mkutano, mlevi amwendee katekista, aulize ni nani aliyekwisha kuacha pombe. Akipatikana mmoja, yatosha: Bwana Yesu aliwatuma mitume wake wawili wawili. Wakutane kila juma, na siku ya soko hasa, mbali na nyumba ya pombe. Aliyeanguka arudi; asifukuzwe.

Lakini yule atetemekaye mikono akosapo pombe aende kwanza hospitali, maana kuacha ghafula kwaweza kumwua.