Sawazisha Meza Kwanza

Andiko la kusoma: Mithali 11:1

Andiko letu linahusu mizani ya sokoni. Wiki hii tuangalie mizani ya aina nyingine, yaani meza ya pool. Najua wazazi wengine wataguna, manake mtaani mchezo huu umezoeleka penye pombe na kamari. Lakini kuna wanaoucheza kama kazi, na kuna mafundi wanaolisha familia kwa kufunga meza. Ndugu mmoja wa ushirika wetu wa vijana ni fundi wa namna hiyo, na ameniruhusu nimtazame kazini.

1. Chini ya kitambaa kuna jiwe

Meza ya mashindano makubwa ya kulipwa ina urefu wa futi 9. Chini ya kitambaa ni jiwe la sleti lenye unene wa inchi moja hivi. Kwa kawaida ni mabamba matatu, kila moja zaidi ya kilo 80. Chama cha pool cha dunia, WPA, kinataka uso wa jiwe usipande wala kushuka zaidi ya milimita 0.508 kwa urefu wa meza, na milimita 0.254 kwa upana. Pale mabamba yanapokutana, tofauti isizidi milimita 0.127. Hebu shika karatasi moja ya fotokopi: unene wake ni kama milimita 0.1. Hiyo ndiyo nafasi aliyo nayo fundi.

2. Kazi ina utaratibu

Fundi huanza na fremu, si jiwe. Anarekebisha miguu, kwa kuwa sakafu inaweza kulala upande na macho yasione. Kisha analaza bamba la katikati, analisawazisha, ndipo yale ya pembeni yafuate hilo. Palipobonyea anasukuma kabari nyembamba kati ya fremu na jiwe. Akikaza skrubu anapima tena, sababu kukaza kwenyewe kunaweza kulivuta jiwe. Maungio anayajaza nta ya nyuki na kuikwangua mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Kitambaa huja baadaye.

Pima maji ya mwashi haitoshi hapa. Inatakiwa ile ya mafundi wa mitambo, ambayo kiputo chake husogea hata kwa tofauti ndogo sana.

3. Mpira wa polepole husema ukweli

Mpira uliogongwa kwa nguvu hufika kabla kasoro haijauvuta. Ule unaokaribia kusimama ndio unaopinda. Kwa hivyo fundi huusukuma polepole, kwenda na kurudi, tena kwa mipira tofauti, asije akalaumu meza kumbe mpira ndio mbovu.

4. Nani anaumia?

Meza ikilala upande, mwenyeji anajua. Amecheza hapo kila jioni. Mgeni aliyelipa nauli na ada ya kuingia ndiye hajui. Atakosa mpira wa mwisho, ataulaumu mkono wake, na refa hataona kosa, manake sheria zote zimefuatwa. Mimi nilisomea biashara, na hesabu ziko hivyo hivyo: salio la mwanzo likiwa na kosa, hulipati kwa kukagua risiti za leo pekee.

Saa ngumu ya fundi ni ile mwenye ukumbi anaposema, "Funika tu, watu wameshafika." Kitambaa kikishavutwa, nani ataona kabari iliyokosekana? Ndugu yetu hujibu neno moja: "Bado." Kuna mahali neno hilo limemkosesha kazi, na bado analisema.

Mpendwa, ukigawa shamba la marehemu baba, ukiwahoji wanaoomba kazi, ukishika pesa za chama, wewe ndiwe fundi wa meza. Pima kabla wachezaji hawajafika.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni meza gani unayoisimamia ambayo mgeni hawezi kuikagua?
2. Ni nani hukuharakisha "ufunike tu," na unamjibuje?