Misingi ya Muziki kwa Wanaoanza: Somo Litokalo katika Ngoma za Kinondo

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ni ya vyombo vya baharini, lakini yafaa kwa muziki pia. Mtu asikiaye ngoma ya sengenya ikilia Kinondo, kusini ya Diani katika Kaunti ya Kwale, husikia kitu kimoja kizuri, na miguu yake haitaki kutulia. Lakini kitu hicho kimoja kimeundwa kwa vipande vingi, kila kipande na kazi yake, kama jahazi lilivyoundwa kwa mkuku, mataruma na mbao. Shabaha ya somo hili ni kuvifungua vipande hivyo kimoja kimoja, na kumwonyesha anayeanza jina la kila kimoja na namna ya kukitambua kwa sikio.

Wako watu wadhanio kwamba elimu ya muziki ni mali ya mwenye piano na vitabu. Si kweli. Mtoto wa Kidigo aliyekulia penye ngoma anayo misingi ya muziki masikioni mwake kabla hajaingia shule. Akosayo ni majina tu. Hata hivyo majina si kitu kidogo. Kikundi cha ngoma kikifiwa na mpigaji mmoja, kipande chake chaweza kufa pamoja naye. Wanaobaki watasikia kwamba kuna pengo, lakini wasipokuwa na maneno ya kulieleza pengo hilo, hawataweza kumfundisha kijana wa kulijaza. Hiyo ndiyo faida ya somo la namna hii.

SAUTI YA JUU NA YA CHINI

Kila sauti huzaliwa na mtetemo. Mtu akiweka kiganja chake kwa wepesi juu ya ngoma iliyotoka kupigwa, atauhisi ukitekenya ngozi yake. Kitu kinachotetemeka huisukuma hewa, na hewa huupeleka mtetemo huo mpaka sikioni. Kitu kikitetemeka upesi, sauti huwa ya juu na nyembamba. Kikitetemeka polepole, sauti huwa ya chini na nene. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 hivi kwa sekunde mpaka 20,000.

Sauti ambayo wapiga vyombo wa nchi nyingi hulinganishia vyombo vyao hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Ikiongezwa maradufu ikawa 880, sikio huiona kuwa ni sauti ileile iliyopanda ghorofa moja. Kwa sababu hiyo baba na mtoto wake mdogo wakiimba wimbo mmoja husikika kuwa wamepatana, ingawa mmoja sauti yake ni nene na wa pili ni nyembamba.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni chivoti, filimbi ya Wadigo ipulizwayo kwa ubavu. Ni mwanzi wenye tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole. Mpigaji akiyaziba yote, hewa iliyomo ndani huwa ndefu, nayo hutoa sauti ya chini kabisa. Akifungua tundu lililo mbali na mdomo, hewa hiyo hufupika na sauti hupanda. Akifungua la pili hupanda tena. Kanuni ni moja kwa filimbi zote: kirefu hulia chini, kifupi hulia juu.

Ngoma nayo ina kanuni yake. Ngozi iliyokazwa hulia juu, na iliyolegea hulia chini. Ndiyo maana wapigaji huipasha ngoma moto au kuianika juani kabla ya mchezo. Hewa ya pwani ina unyevu, nao hulegeza ngozi.

NGAZI YA SAUTI

Sauti zikipangwa tangu ya chini hata ya juu hufanya ngazi. Ngazi inayojulikana sana shuleni na makanisani ni ile ya do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Namna ya kuziandika sauti hizo kwa herufi ilianzishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, ikaenezwa na John Curwen, kisha wamisionari na walimu wakaileta Afrika ya Mashariki. Vidato vya ngazi hiyo havilingani: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, mna nusu ya kidato tu.

Hapa anayeanza hana budi kuonywa. Ngazi hiyo ni moja miongoni mwa nyingi. Nyimbo nyingi za Kiafrika hutosheka na sauti tano. Muziki wa taarabu, uliorithi ngazi za Kiarabu, waweza kutumia hatua ambazo piano haina vitufe vya kuzipiga. Na matundu ya filimbi nyingi za mwanzi hupimwa kwa vidole vya mtengenezaji, wala si kwa rula. Basi mwanafunzi akisikia sauti ya chivoti iliyo kati ya mi na fa, asiseme kwamba mzee amekosea. Aandike kwamba sauti hiyo iko kati ya mi na fa. Herufi za muziki ni mtumishi wa sikio. Zikigeuka kuwa bwana, zitafuta kile zilichotakiwa kukihifadhi.

PIGO, MDUNDO NA MWENDO

Maneno haya matatu huchanganywa mara nyingi. Pigo ni hatua iliyo sawasawa, kama nyayo za mtu anayetembea au mchi unaopanda na kushuka kinuni. Huenda lisipigwe na chombo chochote, lakini kila mchezaji hulihisi mwilini. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu, fupi na kimya unaofumwa juu ya pigo. Mwendo ni upesi au upole wa pigo lenyewe.

Katika ngoma nyingi za Afrika uhodari hukaa katika kupiga midundo miwili kwa wakati mmoja. Anayeanza aweza kujaribu hivi. Ahesabu moja mpaka sita, tena na tena, bila kuharakisha. Mguu ukanyage katika moja na nne. Mikono ipige kofi katika moja, tatu na tano. Mguu umepiga mara mbili na mikono imepiga mara tatu, nazo zote zimeanza pamoja na kumaliza pamoja. Atakayefanikiwa atasikia mdundo wa tatu ambao hakuna kiungo kimoja kilichoupiga: pamoja, kimya, mkono, mguu, mkono, kimya. Hesabu ya sita ndiyo msingi wa chakacha, ngoma ya akina mama wa pwani katika arusi, na nguvu yake hutoka katika kuvutana huko kwa mbili na tatu.

Kimya nacho kihesabiwe kuwa sehemu ya muziki. Mpigaji anayejaza kila nafasi huwanyima wenzake mahali pa kusema.

MAHADHI

Mahadhi ni sauti zifuatanazo kwa mpango mpaka zikafanya maneno ya muziki. Kama sentensi, mahadhi huanza, hupanda, hupumzika mahali pa kuvuta pumzi, kisha hurudi nyumbani. Sauti ya nyumbani ni ile ambayo wimbo ukikomea hapo msikilizaji huridhika. Ukikatizwa kabla yake, huachwa akingoja.

Kwa Wadigo mna jambo jingine la kuangalia. Kidigo ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya matamshi, tofauti na Kiswahili ambacho hutegemea mkazo. Basi maneno ya wimbo wa Kidigo huwa yana mwinuko na mteremko wake hata kabla hayajaimbwa. Mwanafunzi ayatamke kwanza kama mazungumzo, kisha ayasikilize yakiimbwa, aone ni wapi wimbo umeyafuata na ni wapi umeyaacha.

RANGI YA SAUTI NA NGUVU YAKE

Sauti moja ikipigwa na chivoti, kisha na nzumari, masikio huvitambua vyombo hivyo hata macho yakiwa yamefumbwa. Tofauti hiyo huitwa rangi ya sauti. Chapuo hulia kwa sauti nyepesi, na bumbumbu hulia nene. Kayamba, lililofumwa kwa mabua na kutiwa mbegu ndani, hutoa mchakacho kama mvua juu ya makuti. Njuga hulia miguuni mwa mchezaji, kwa hiyo kila hatua yake huwa ni pigo la muziki. Nzumari hupaa juu ya vyote, na fundi wake huhifadhi hewa mashavuni huku akivuta pumzi puani, ili sauti isikatike.

Nguvu ni ukubwa au udogo wa sauti. Wanaoanza huichanganya na ujuu. Mtu aweza kuimba sauti ya chini kwa nguvu nyingi, na sauti ya juu kwa mnong'ono.

KUPOKEZANA NA KUPATANA

Nyimbo nyingi za Mijikenda huenda kwa kupokezana: mmoja huanzisha na umati huitikia. Mpango huu una hekima yake. Kitikio hakibadiliki, hivyo mgeni huweza kuingia mara moja. Kiongozi ana uhuru wa kuleta maneno mapya yanayofaa siku ile. Kupatana ni sauti mbili au zaidi zilizo tofauti kusikika kwa wakati mmoja bila kugombana. Aghalabu huzaliwa pale baadhi ya waitikiaji wanapoimba juu kidogo na wengine chini, kila mtu mahali panapoifaa koo yake.

MFANO WA KUONYESHA VIUNGO VYOTE

Wimbo wa taifa wa Kenya ni mfano unaofahamika na wengi. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, tume ya watu watano iliutayarisha kwa mahadhi ya wimbo wa akina mama wa Kipokomo, wenyeji wa bonde la mto Tana, wa kuwabembelezea watoto. Mahadhi yalibaki. Mwendo ulibadilishwa, nguvu ikaongezwa, sauti za kupatana zikatiwa, na rangi ya sauti ya mama mmoja ikawa rangi ya bendi na umati mzima. Wimbo wa kumlaza mtoto ukawa wimbo wa kumsimamisha mtu mzima. Mwenye kuelewa jinsi jambo hilo lilivyowezekana ameelewa misingi ya muziki.

KAZI ILIYO MBELE

Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliingiza misitu ya kaya za Mijikenda, pamoja na Kaya Kinondo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila na desturi za kaya hizo ziliandikwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Mti wa kaya waweza kulindwa kwa kukataza shoka. Ngoma hailindwi kwa kukataza. Hulindwa kwa kupigwa. Katika mahoteli ya pwani vikundi huitwa kuwachezea wageni, na mchezo mrefu hufupishwa uenee katika muda wa chakula cha jioni. Posho hiyo si ya kudharauliwa, lakini kijana aliyejifunza ile iliyofupishwa tu hajui kilichokatwa.

Simu za siku hizi hurekodi sauti vizuri, na kijana yeyote aweza kuanza. Kwanza aombe ruhusa, kwa maana ziko nyimbo ambazo wazee hawapendi zitoke nje ya mahali pake. Akipewa ruhusa, arekodi ngoma nzima, kisha amwombe kila mpigaji apige kipande chake peke yake. Aandike jina la wimbo, tarehe, mahali, aliyeanzisha, chombo na maana ya maneno. Rekodi isiyo na maandishi ni kama sanduku lisilo na ufunguo.

MAZOEZI

1. Chukua chupa mbili za soda zilizo sawa. Tia maji kidogo katika moja na mengi katika ya pili, kisha puliza juu ya midomo yake. Yenye maji mengi italia juu, kwa kuwa hewa yake ni fupi. Sasa zigonge kwa kijiko: yenye maji mengi italia chini, kwa kuwa kinachotetemeka sasa ni chupa pamoja na maji, nayo imekuwa nzito.

2. Rudia zoezi la hesabu ya sita mpaka mguu na mikono viende bila kufikiri. Kisha ongea na mwenzako huku ukiendelea.

3. Katika ngoma itakayofuata mtaani, chagua chombo kimoja, ukifuate tangu mwanzo hata mwisho bila kusikiliza kingine. Usiku wa pili chagua kingine. Mtu akivimaliza vyombo vyote kwa njia hiyo, na awaendee wapigaji awaulize juu ya kila alichokisikia. Hapatakosekana mzee wa kumjibu, maana mwenye ngoma humpenda mtu anayeuliza swali lenye jina.