Plantarisi: Msuli Mdogo wa Nyuma ya Goti

Ukiulizwa ni msuli gani unaomsukuma mkimbiaji, bila shaka utashika shavu la mguu. Hujakosea. Lakini ndani ya shavu hilo umejificha msuli mdogo ambao wengi hawaujui. Jina lake la kitaalamu ni plantarisi. Hebu tuuchunguze.

Umbo lake
Msuli huu huanzia upande wa nje wa mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Nyama yake ni fupi, sentimita 7 hadi 10 hivi. Baada ya hapo ni kano tu, nyembamba na ndefu kama uzi. Kano hiyo hupita katikati ya misuli miwili mikubwa ya shavu, gastroknemiasi na soleasi, ikaenda kushikamana na mfupa wa kisigino kando ya ile kano kuu. Watu wengine huzaliwa bila plantarisi, na wanatembea vizuri tu!

Kazi yake
Husaidia kukunja goti na kuelekeza wayo chini, lakini nguvu zake ni haba. Paul Tergat wa Baringo alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2003, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, kazi nzito ilifanywa na misuli mikubwa. Kwa nyani, kama wale wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, msuli huu umekua zaidi, na kano yake huendelea hadi chini ya wayo.

Je, basi hauna faida? La! Sisi wa Nakuru, mji wa reli, twajua usemi: usiuone wembamba wa reli, gari moshi hupita. Madaktari wa upasuaji huweza kuitoa kano hiyo wakaitumia kuunga kano nyingine iliyokatika, kwa mfano ya kidole.

Tahadhari kwa wanariadha
Mkimbiaji anaweza kusikia "ta!" nyuma ya mguu, kama aliyepigwa jiwe. Huenda kano kuu ya kisigino imekatika. Hapa ndipo wengi hudanganyika: plantarisi na misuli mingine ya ndani bado huweza kusogeza wayo kidogo, naye akasema, "Si kitu, itapoa."

Mlaze kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, kisha minya shavu la mguu taratibu. Wayo usiposogea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata ukisogea, ikiwa maumivu ni makali au hawezi kusimama kwa vidole, aende pia. Asikandwe, asichuliwe, wala asilazimishwe kumaliza mbio.

Maswali
1. Plantarisi huanzia wapi na kuishia wapi?
2. Kwa nini kusogea kwa wayo si thibitisho kwamba kano kuu ni nzima?
3. Tunga sentensi mbili kwa neno "kano".