Somo: Kumsindikiza Mzazi Kwao



Baba alikuwa na miaka 9 alipovushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi, akakulia Kigoma. Likizo iliyopita nilimsindikiza Rumonge alikozaliwa. Kiwanja cha babu kina nyumba ya watu wengine; alichokitambua ni mchikichi mmoja tu.

Mimi nilishapanga maneno ya kudai ardhi. Baba akapiga hodi, akaomba maji ya udhu, akaswali rakaa 2 chini ya mchikichi. Mzee wa pale akamtolea kiti. Njiani nikamwuliza, "Baba, mbona hukudai?" Akanijibu, "Leo nilikuja kumwombea mama. Yeye hakuvuka. Shamba lina siku yake."

Nilikumbuka Hadithi ya Bukhari. Mwaka wa kufunguliwa Makka, Usama bin Zayd (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) atafikia wapi. Akajibu kwa kuuliza: kwani Aqil ametuachia nyumba? Alirudi kwao akiwa mshindi, wala hakumtoa mtu ndani.

Ndugu zangu, kudai haki ni halali, na haki haifi kwa kungojea. Lakini Suratul Israa, aya ya 24, inatuamuru tuwainamishie wazazi bawa la unyenyekevu. Basi ukimsindikiza mzazi kwao, muulize kwanza amefuata nini, kisha umtumikie katika hilo.

Allah awarehemu wazazi wetu, waliovuka na wasiovuka. Amin.